Mkono Kwenye Tangi: Maisha na Pikipiki za Zedekiah Nzuki Mwanzia

Mchungaji, wazee wetu, akina mama, na nyinyi waendesha pikipiki mliofika na vumbi la barabara ya Machakos likiwa bado mabegani: leo Jumamosi, tarehe 15 Machi 1958, tuko hapa Mitaboni kumsindikiza ndugu yetu Zedekiah Nzuki Mwanzia. Tumejaribu kuyafupisha maisha yake, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kufupisha hadithi yoyote akipata watu wa kumsikiliza.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Agosti 1920, papa hapa Mitaboni, mtoto wa pili wa hayati Mwanzia na mama yetu Nthenya, ambaye ameketi hapa mbele. Mama anakumbuka kwamba Nzuki akitumwa maji alirudi amechelewa, si kwa sababu ya kucheza, bali kwa sababu alikuwa amewaomba jirani punda wao ajaribu kumpanda. Kisha alisimama mlangoni, mitungi bado iko mgongoni mwa mnyama, akaeleza jinsi punda wa jirani anavyoteremka mlima vizuri kuliko wetu, lakini wetu ana moyo wakati wa kupanda. Baba alikuwa akimwambia, "Shusha maji kwanza, halafu utuhubirie."

Alisoma katika shule ya misheni kuanzia mwaka wa 1930 hadi 1935, akafika darasa la tano. Baba alipofariki aliacha masomo. Kusoma hakuacha. Mwaka wa 1938 alikwenda Nairobi akapata kazi ya kufagia gereji, na Kiingereza chake chote alikitoa kwenye makopo ya oili na vitabu vya mafundi vilivyotupwa.

Mwezi wa Februari 1941 aliingia jeshini, akapelekwa Uhabeshi. Huko ndiko alikofundishwa kuwa tarishi wa pikipiki. Ile ya kwanza aliiita Ngamia, kwa sababu ilikuwa nzito, ilikunywa kidogo, na haikuwa na haraka na mtu. Alirudi mwishoni mwa 1945 akiwa mzima, isipokuwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto ambacho hakikukunjika tena.

Kuanzia mwaka wa 1946 alibeba barua za ofisi moja ya mawakili mjini, juu ya pikipiki aliyoiita Kasuku kwa kelele zake. Tarehe 8 Januari 1951 akaajiriwa na duka la dawa lililoko Government Road, na kazi hiyo ndiyo aliyoifanya mpaka nguvu zilipomwisha. Alipeleka dawa Kilimani, Kileleshwa, na mbali kabisa Karen, mahali ambapo mgonjwa angeweza kungoja siku nzima kwa ajili ya chupa moja. Sanduku la chupa alilifunga nyuma, na alisikiliza chupa kuliko alivyosikiliza injini. Chupa zikigongana, alisema, kosa si la barabara, ni la mwendeshaji. Katika miaka saba alivunja chupa nne. Tatu kati ya hizo zilivunjika siku moja, na tutafika hapo.

Kila Jumamosi, kazi ikiisha saa saba mchana, matarishi wa mjini walikutana kwenye kibaraza cha mama muuza chai nyuma ya soko la manispaa. Waliegesha pikipiki zao kwa mstari, wakabishana ipi ni bora. Marehemu ndiye aliyewawekea sheria, nao wanaifuata mpaka leo: asiseme mtu neno juu ya pikipiki, iwe yake au ya mwenzake, kabla ya kuweka mkono kwenye tangi lake. Ukiwa na mkono pale, unasema kweli. Ukitaka kudanganya, ondoa mkono kwanza, watu wajue.

Isaiah Wekesa, tarishi wa kampuni ya majani chai na mpinzani wake mkubwa, yuko hapa nasi. Hatakasirika tukikumbuka Jumamosi moja.

"Mkono kwenye tangi," alisema Nzuki. "Hii ndiyo pikipiki bora kuliko zote nilizopanda."

"Wewe Mkamba!" Isaiah akaruka. "Mwaka jana si ulisema hivyo hivyo kuhusu Kasuku? Mkono ulikuwa wapi?"

"Ulikuwa kwenye tangi."

"Basi ulidanganya."

"Sikudanganya. Mwaka jana nilikuwa juu ya Kasuku."

Walicheka mpaka mama wa chai akatoka kuangalia. Lakini jambo lenyewe halikuwa mzaha kwake. Hakupenda mtu amseme vibaya mnyama anayembeba. Isaiah aliapa kwamba siku moja atampata mahali ambapo hayuko juu ya pikipiki yoyote, amuulize tena.

Pikipiki waliyokuwa wakiigombania siku hiyo ni ile ya duka la dawa, na jina lake lilikuwa Kichaa. Matarishi wote waliidharau. Ilikataa kuwaka asubuhi, ikawaka yenyewe ikiegeshwa kwenye jua. Tena gia zake zilikuwa kinyume na za Ngamia na Kasuku. Kwenye zile, ukitaka kupunguza gia unakanyaga chini. Kwenye Kichaa unainua juu. Kichwa cha Nzuki kilijua hivyo kuanzia siku ya kwanza. Mguu wake ulichukua miezi sita.

Jumatatu tarehe 11 Juni 1951 alikuwa akipeleka dawa Kilimani. Alipofika kwenye kona alitaka kupunguza mwendo, na mguu, ukikumbuka Uhabeshi, ukakanyaga chini. Gia ikapanda badala ya kushuka. Kichaa akapita kwenye ua wa michongoma, akaingia kwenye kamba ya nguo, akasimama katikati ya majani na shuka mbili juu ya usukani. Hapo ndipo chupa tatu zilipovunjika. Msichana aliyekuwa akianika nguo hizo hakukimbia. Alishika kikapu kiunoni, akamtazama.

"Umeumia?"

"Hapana, dada. Mguu wangu umesahau pikipiki."

"Basi uukumbushe kufua," alisema. "Maji yako kule."

Akafua shuka zote mbili. Msichana huyo ni Munyiva, na walifunga ndoa katika kanisa la hapa Mitaboni Jumamosi tarehe 20 Desemba 1952. Waliishi Kilimani, kwenye kota za nyuma za nyumba alikofanya kazi Munyiva. Mungu akawajalia Milcah mwaka wa 1953 na Nzomo mwaka wa 1956. Munyiva alikaa kiti cha nyuma kila Jumapili wakienda kanisani, na kwa miaka hiyo akawa mjuzi wa pikipiki bila kushika usukani. Matarishi walizijua kwa mikono. Yeye alizijua kwa mgongo.

Mwaka wa 1954, vizuizi vya askari vilipojaa barabarani, marehemu alisimamishwa hata mara tisa kwa safari moja ya Karen. Alifungua sanduku, akasubiri, akafunga, akaendelea. Hakuwahi kurudi na dawa ya mtu.

Mwezi wa Agosti 1955 alinunua pikipiki yake mwenyewe kutoka kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Aliiita Mpole. Gia zake zilikuwa kama za Kichaa, lakini tabia yake haikufanana hata kidogo na ya Kichaa. Juu ya Mpole chupa zilinyamaza. Mwenye duka akakubali Nzuki afanye kazi na Mpole, na kuanzia hapo Kichaa alibaki stoo.

Mwezi wa Septemba 1957 miguu yake ilianza kuvimba. Madaktari wa hospitali ya King George wakasema ni figo, na wakamkataza kuendesha. Wengi wenu mnajua kwamba ugonjwa haukumtisha kama swali moja: nani atampanda Mpole? Mwenye duka alikuwa amesema kazi itaifuata pikipiki. Atakayempanda Mpole atapeleka dawa, na nusu ya mshahara itakwenda kwa Munyiva na watoto. Mpole akipata mikono mibaya, ndani ya mwaka mmoja angekuwa chuma cha kuuzwa, na watoto wasingekuwa na kitu.

Waliomtaka walikuwa wawili: Isaiah, na Dalmas Ouma, tarishi wa ofisi ya bima, mtu asiyesema sana. Nzuki aliamua kila mmoja ampande Mpole kutoka dukani, apande kilima cha Valley Road, aende Karen na kurudi Kilimani. Na nyuma akae Munyiva, sanduku la chupa magotini.

Jumamosi tarehe 9 Novemba aliendesha Isaiah. Alirudi mapema kuliko ilivyotarajiwa, akaweka mkono kwenye tangi kabla hata ya kuvua miwani ya vumbi.

"Kusema kweli, ndugu yangu, Mpole ni mtamu. Mlimani yangu inamshinda, lakini kwa tambarare hakuna. Hata kelele hana!"

Nzuki alimgeukia mkewe. "Mama Milcah, mgongo unasemaje?"

"Mgongo unasema tumefika," alijibu Munyiva. "Chupa zimeimba kuanzia Dagoretti Corner."

Wiki iliyofuata, tarehe 16, ilikuwa zamu ya Dalmas. Saa ilipita, ikapita nyingine. Nzuki alitolewa nje kwa kiti, akakaa akitazama barabara. Walipofika, sketi ya Munyiva ilikuwa na tope hadi magotini, na Dalmas alikuwa na tope hadi kwenye nyusi. Isaiah, aliyekuja kushuhudia, alishindwa kuficha furaha yake.

"Shemeji, mmetoka kulima?"

Dalmas alizima injini, akaweka mkono kwenye tangi, akasema mbele ya wote, Munyiva akiwa bado hajashuka:

"Nimemwangusha mke wako. Pale katikati ya Valley Road nilitaka kupunguza gia, nikakanyaga chini kama kwa pikipiki yangu. Gia ikapanda, injini ikazimika, tukarudi nyuma tukalala mtaroni. Mpole hana kosa. Mguu wangu bado unaendesha ile nyingine."

Watu walingoja Nzuki akasirike. Alianza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Septemba.

"Na chupa?" aliuliza.

Munyiva alifungua sanduku. Zote zilikuwa nzima. Wakati wa kuanguka Dalmas alikuwa ameacha usukani, akalishika sanduku kwa mikono miwili, ndiyo maana uso wake ulitangulia topeni.

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo," alisema Munyiva, "alishuka akasukuma mpaka juu. Kutoka kule hadi Karen na kurudi sikusikia chupa hata moja. Kila akibadilisha gia alikuwa akijiambia kwa sauti, juu, juu, juu, kama mtu anayesali. Mpe huyu. Huyu mguu wake utajifunza, na akikosa atakuambia."

Akapewa. Isaiah alinuna wiki mbili. Wiki ya tatu alikuja mwenyewe asubuhi kabla ya kazi, akamfundisha Dalmas kusafisha kabureta ya Mpole, na Jumamosi zilizofuata aliendelea hivyo. Familia haijasahau.

Kuanzia Januari marehemu hakutoka tena kitandani. Jumapili tarehe 2 Machi matarishi walikuja kumwona, na Dalmas alimsukuma Mpole mpaka kizingitini. Isaiah aliketi kando ya kitanda.

"Nzuki, sasa huko juu ya pikipiki yoyote. Nimengoja miaka saba. Ipi bora?"

Nzuki aliomba kitanda kisogezwe mlangoni. Wakakisogeza. Alinyoosha mkono, ule wenye kidole kisichokunjika, akauweka kwenye tangi la Mpole. Halafu akamwashiria Isaiah ainame, akanong'ona, na baadaye alieleza kwamba alinong'ona ili Mpole asisikie.

"Kichaa."

"Ile takataka?" Isaiah alipaza sauti, na Munyiva, aliyekuwa akichemsha maji, akageuka. "Ile iliyokutupa kwenye nguo za watu?"

"Hiyo hiyo," alisema Nzuki. "Zile nyingine zote nilikuwa nazisimamisha mimi. Ile peke yake ilijua mahali pa kusimama."

Munyiva alikuja akakaa kitandani upande wa miguu yake, na matarishi, ambao si watu wa kuondoka mapema, wakaondoka.

Alifariki alfajiri ya Alhamisi tarehe 13 Machi 1958, katika hospitali ya King George alikorudishwa siku chache kabla, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba. Jana Mpole alipeleka dawa Karen kama kawaida, kwa kuwa ndivyo marehemu alivyoagiza. Leo asubuhi Dalmas alilitangulia lori la jeneza kutoka Nairobi mpaka hapa, Munyiva akiwa nyuma yake. Tulimuuliza mgongo unasemaje. Akasema hata mabonde ya Mua hakuyasikia.

Marehemu ameacha mama yake Nthenya. Mjane wake Munyiva. Watoto wake Milcah na Nzomo. Ndugu zake watatu. Rafiki zake Isaiah na Dalmas, ambao familia inawahesabu kama ndugu. Na Mpole, aliyeegeshwa pale langoni. Tukimaliza kaburini, yeyote aliye na neno la kweli juu ya Nzuki aende pale, aweke mkono kwenye tangi, aseme. Litakuwa bado na joto.

Nzuki, umefika. Mungu akupe pumziko lenye amani.