Zima, Hesabu Mpaka Mia Tano, Washa Tena

Rra Oteng Seitlhamo, fundi mkuu wa karakana ya doria ya uzio wa mifugo hapa Mokgalong, anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Machi 2023, baada ya miaka thelathini na nne ya utumishi kasoro siku mbili. Siku hizo mbili zinaangukia Jumamosi na Jumapili. Aliomba aje azimalizie, ofisi ikakataa.

Anayeandika ni Mma Wame, mwendesha redio wa kituo tangu mwaka 1994. Nimeagizwa niandike kama mtu wa pembeni, kama ilivyo ada ya wasifu wa namna hii. Nitajitahidi, ila kuna siku moja humu ndani ambayo siwezi kuisimulia nikiwa pembeni.

Rra Seitlhamo aliripoti kazini tarehe 3 Aprili 1989 akiwa na sanduku la spana na kofia ya sufu ambayo bado anaivaa, hata Januari. Alikuta pikapu saba kuukuu. Mbili zilikuwa zimekwisha kuchinjwa ili nyingine tano zipate spea. Kwa pikapu hizo tano, kituo kilitakiwa kulinda uzio wa kilomita mia nne katika mchanga wa Kgalagadi, ng'ombe wasivuke na maradhi yasivuke.

Madereva wa uzio hutoka kwa wiki nzima. Gari likiwafia, fundi yuko kilomita mia mbili nyuma yao. Ndiyo maana Rra Seitlhamo alijifunza kutibu kwa redio ya upepo. Alikuwa akiingia chumbani kwangu na grisi mpaka kwenye viwiko, anakalia ndoo yake, anamwambia dereva, "Wewe nyamaza. Lipe gari kipaza sauti, liseme lenyewe." Dereva anafungua boneti, anasogeza kipaza sauti kwenye ingini, na mimi nasikia makelele matupu. Yeye anasikia fanbelti imelegea, au plagi ya tatu haichomi.

Ditiro, dereva ambaye wengi mnamkumbuka kwa sauti yake, alipiga siku moja akiapa kwamba gari limerogwa.

"Rra, linatembea kilomita ishirini linakufa. Nikimaliza chai, linafufuka. Nimekunywa chai mara nne tangu asubuhi!"

"Kifuniko cha tangi kiko wapi?"

"Kilidondoka. Nimeziba kwa mfuko wa nailoni na mpira, barabara kabisa."

"Basi umelikaba koo. Petroli inatoka, hewa haiingii. Toboa mfuko."

"Nitoboe? Na mchanga je?"

"Toboa kwa sindano, Ditiro, au endelea kunywa chai."

Alitoboa, akafika. Visa vya aina hiyo vinajaza madaftari matatu ya redio, na atakayependa kucheka aje ofisini kwangu ayasome. Mimi nataka kusimulia Alhamisi ya tarehe 18 Septemba 1997.

Asubuhi ile walikuwa nje watu wawili katika pikapu namba nne. Dereva alikuwa Mogorosi. Mwenzake alikuwa Gaborekwe, mkaguzi wa uzio, mtu asiyesema sana. Nyuma walibeba mapipa mawili ya petroli ya pampu ya kisima cha lango la kaskazini. Mogorosi ni mume wangu, na nilikuwa nimemfokea alfajiri kwa kuondoka na sufuria yangu nzuri bila kuniomba.

Saa nne na dakika kumi redio ikaita. Mogorosi alisema wamesimama karibu na nguzo ya elfu moja na mia mbili, gari linapiga stata lakini haliwaki. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Kisha akaongeza kwamba kuna moshi upande wa magharibi.

"Mwingi?" niliuliza.

"Umeziba upeo wote, mama. Na upepo unatoka huko huko."

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa, nyasi zilifika kifuani, na njia ya kandokando ya uzio ilikuwa haijafyekwa. Kutoka pale mpaka lango la kaskazini, ambako ardhi ilikuwa tupu, ni kilomita kumi na nane. Kwa miguu, moto ungewapata kabla hawajafika robo. Nilimwita Rra Seitlhamo kwa kupiga dirisha kwa kikombe, kikavunjika.

Alikuja mbio. Safari hii hakukalia ndoo.

Hapa lazima niseme kweli, maana yeye mwenyewe huisema. Rra Seitlhamo alikosea. Septemba huku kwetu mbegu za nyasi huziba rejeta, ingini huchemka, gari hufa. Yeye ndiye aliyetufundisha kufunga wavu mbele ya rejeta, na msimu ule alikuwa ameponya magari sita kwa dawa hiyo hiyo. Kwa hiyo hakuuliza. Alimwambia Mogorosi atoe wavu, asafishe mbegu, aimwagie rejeta maji mpaka ipoe. Walikuwa na maji lita ishirini. Walimwaga kumi na tano.

Zilipita dakika kumi na mbili. Mogorosi akapiga stata tena na tena. Niliisikia redioni ikilia kwa nguvu, halafu ikianza kuchoka. Haikuwaka.

"Rra, moshi sasa unatuingia machoni," alisema. "Gaborekwe anasema tushuke tuchome nyasi hapa, tusimame juu ya majivu."

"Na mapipa mawili ya petroli mgongoni?"

"Ndivyo nilivyomjibu. Anasema basi tukimbie mbali nayo kwanza, tuchome huko."

"Mna maji kiasi gani?"

"Lita tano. Tunataka kulowesha mablanketi."

Rra Seitlhamo aliweka mkono juu ya meza yangu. Nilimwona akifumba macho, na nikamchukia kwa kuyafumba. Alipoyafumbua aliuliza swali ambalo alipaswa kuanza nalo.

"Mogorosi. Lilizimika lenyewe, au ulilizima?"

"Nililizima mimi. Swala choroa walikuwa wamekata waya, tukashuka kuufunga. Kama dakika kumi hivi."

"Na kabla ya hapo lilikuwa linavuta vizuri?"

"Kama jipya!"

Aliinama juu ya kipaza sauti, na sauti yake ikashuka. Alieleza haraka na wazi. Rejeta haikuwa na neno. Gari lililosimama lina moto kuliko linalokwenda, kwa sababu hakuna upepo wa kuipoza ingini. Petroli ilikuwa imechemka ndani ya pampu na bomba lake, ikawa mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Kadiri walivyopiga stata ndivyo walivyomaliza betri bure.

"Vua shati. Liloweshe chapachapa kwa hayo maji, lizungushie pampu ya mafuta na bomba mpaka kwenye kabureta. Likikauka, mwagia tena."

"Maji yote?"

"Yote."

Nilijua Mogorosi anachofikiri, maana nami nilikuwa nikifikiri hivyo hivyo. Mtu huyu amekwisha kosea mara moja, amekula lita kumi na tano, sasa anataka tano za mwisho. Zile ndizo zingelowesha mablanketi.

"Rra," Mogorosi akasema, "una hakika?"

"Ndiyo," akajibu. "Na sikiliza. Betri hiyo imebaki na pumzi moja, na redio inainyonya. Zima redio. Hesabu mpaka mia tano, polepole. Usiguse ufunguo kabla ya mia tano. Halafu washa mara moja tu."

Hapo mimi nilikataa. Naandika bila aibu. Niliushika mkono wake nikamwambia asimfanyie hivyo, asinizimie mume wangu. Hakunitikisa wala kunifokea. Alinisogezea kipaza sauti, akasema, "Neno moja, mama. Betri haina mawili."

Watu hufikiri mtu katika saa kama ile husema maneno makubwa. Mimi nilisema, "Rudisha sufuria yangu."

"Nitarudisha," akajibu Mogorosi, na redio ikakatika.

Tulihesabu. Rra Seitlhamo alihesabu kwa sauti, akisimama, polepole kama mtu anayekagua ng'ombe wakiingia zizini. Mimi nilihesabu yangu. Nilifika mia tano yeye akiwa mia tatu na themanini, nikakaa nikimsikiliza akimalizia. Alipofika mia tano alinyamaza. Redio nayo ilinyamaza.

Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Msimamizi alikuwa amekwisha tuma gari jingine, lakini wote tulijua lingechukua saa tatu. Watu walijaa mlangoni. Dakika ya thelathini nilimwambia Rra Seitlhamo maneno ambayo hayafai kwenye sherehe. Aliyapokea yote. Kofia alikuwa ameivua, na ndiyo mara pekee niliyowahi kuona kichwa chake.

Dakika ya arobaini na moja redio ikaita.

"Mokgalong, Mokgalong, tuko langoni. Namba nne iko langoni."

Rra Seitlhamo ndiye aliyejibu, na alichosema ni, "Kwa nini hukuwasha redio?"

"Uliniambia nizime, Rra. Hukuniambia niwashe."

Mengine tuliyapata waliporudi. Mogorosi alitaka kuwasha kwenye mia mbili, miali ilipoanza kuonekana juu ya nyasi. Gaborekwe akauchomoa ufunguo, akautia mdomoni, akaendelea kuhesabu kwa vidole. Kwenye mia nne majivu yalikuwa yakitua juu ya mapipa. Kwenye mia tano aliutema, akaufuta kwenye suruali, akampa. Stata ilizunguka mara mbili kwa shida, ya tatu ikawaka. Waliendesha kilomita tatu wakiwa na moto ubavuni kabla njia haijageuka kuupa mgongo. Rangi ya mlango wa kushoto ilikuwa imefura malengelenge. Sufuria ilirudi.

Kabla jua halijatua siku ile, Rra Seitlhamo alikuja nyumbani kwetu. Alikataa kiti. Alisema, "Mma Wame, Mogorosi aliniuliza kama nina hakika, nikasema ndiyo. Sikuwa nayo. Na maji yale kumi na tano niliyamwaga mimi, kwa kuwa sikuuliza." Nilimfungia mlango. Nilimkasirikia mwezi mzima, na mwezi mzima aliniletea chai ya asubuhi, akaiacha kando ya redio. Siku ya thelathini na moja nilimwambia sukari haitoshi. Daftari la redio la tarehe ile lina mstari mmoja kwa mwandiko wake: "Nilikosea dakika kumi na mbili. O. Seitlhamo." Hakuna aliyemwamuru auandike.

Tangu hapo ikazaliwa sheria ambayo madereva wote wa kituo hiki wameilaani. Hakuna pikapu inayotoka langoni mwa kituo kwa sababu tu imewaka asubuhi. Ingini baridi, husema Rra Seitlhamo, huwadanganya watu. Dereva lazima azunguke mpaka tangi la maji na kurudi, mara tatu, ingini ishike moto kweli. Kisha asimame langoni, azime, ahesabu kwa sauti mpaka mia tano, awashe tena. Likiwaka, anakwenda. Likikataa, linarudi karakana na safari imeahirishwa, hata kama ndani amekaa mkubwa aliyetoka Gaborone. Yupo mmoja aliyewahi kukaa ndani. Alihesabu pamoja na dereva, akakosea kwenye mia tatu, wakaanzishwa upya.

Katika miaka ishirini na mitano ya sheria hiyo, hakuna gari letu hata moja lililokataa kuwaka kwenye uzio baada ya kuzimwa. Mengi yamekufa kwa sababu nyingine, na mengi ya hayo aliyafufua kwa redio. Mafundi kumi na wanne wamepita mikononi mwake. Swali la kwanza alilowafundisha wote ni lile lile: lilizimika lenyewe, au ulilizima?

Gaborekwe alitutoka mwaka 2011, na Rra Seitlhamo ndiye aliyeendesha gari lililombeba, akahesabu mpaka mia tano langoni kama siku zote. Mogorosi anafuga mbuzi, anazidi kunenepa, na ataisimulia habari ya ufunguo Ijumaa mkitaka msitake. Seswaa, nyama yetu ya kupondwa, siku hiyo itapikwa katika sufuria mnayoijua.

Rra Seitlhamo, sasa nakugeukia wewe. Niliwahi kukuambia maneno mabaya nikidhani nimefiwa, na sijawahi kuyafuta kwa mdomo. Nayafuta hapa, mbele ya kituo kizima. Asante kwa mume wangu. Asante kwa chai. Wana wa Mogorosi waliozaliwa baada ya 1997 ni watatu, nao wanakusalimu. Tunakuombea siku tele, ng'ombe wanono, na usingizi usiokatizwa na redio.

Tumesikia Ijumaa utaondoka na ile pikapu yako kuukuu kuelekea kwenu. Sheria ni sheria. Utazunguka tangi mara tatu, utasimama langoni, utazima, nasi sote tutahesabu nawe mpaka mia tano, polepole kama ulivyotufundisha. Likiwaka, nenda salama. Likikataa, Rra, hapa hakuna hata mmoja atakayekuloweshea shati.