Hukumu ya Bi Tunu Imeliwa na Panya

Kibaraza cha duka la Husseinali, hapa Temeke, kina benchi moja na mabingwa watatu. Yupo Mzee Burma, aliyerudi vitani na koti la jeshi ambalo halivui hata jua likiwa la utosi. Yupo Wakili, ambaye hakusomea sheria popote, ila hakuna kesi ya baraza la Liwali inayompita. Na mie ninayewavumilia. Kahawa ni ya Hilal. Asubuhi ile alitujia Albano, karani wa Liwali, amekumbatia jalada kama mtoto mgonjwa. Kesho yake Hija anaifufua kesi ya minazi ya kando ya kisima dhidi ya shemeji yake Bi Tunu, mjane wa watu. Liwali aliyeihukumu mwaka juzi amekwisha kufa, na ukurasa wa hukumu umeliwa na panya.

Albano: Mashitaka mazima, hayana hata tundu. Hukumu imebaki pembe hii tu.

Burma: Na yale majalada ya enzi za Mjerumani?

Albano: Yale hayakuguswa.

Burma: Umeona? Kaacha ya kwake! Mjerumani huyo. Katuma watu wafute hukumu zote za Mwingereza, kisha arudi aseme nchi haina mwenyewe.

Wakili: Upuuzi. Huyo ni panya wa Hija. Kamfuga, kamfundisha kusoma.

Mie: Panya asome?

Wakili: Asingesoma angejuaje kuacha mashitaka akala hukumu? Haba na haba hujaza kibaba!

Burma: Panya anayesoma hakusomea hapa Temeke. Ni wa Mjerumani tu.

Hilal, ambaye kwa kawaida husema na vikombe vyake, akaliweka birika chini.

Hilal: Albano, ukurasa ule ulikuwa umechanika. Uliugandisha kwa kitu gani?

Albano: Kwa uji wa muhogo. Gundi iliisha, nikaomba nyingine, nikaambiwa nisubiri. Mashitaka hakuna anayeyataka, lakini hukumu kila mtu anataka kuishika, ndiyo maana ilichanika.

Hilal: Na huo uji, nani alikushauri?

Albano akatutazama. Sie tukaitazama njia ya Chang'ombe.

Burma: Mie nilisema utie pilipili.

Mie: Hukusema.

Burma: Niliwaza.

Wakili: Yaliyopita si ndwele. Sasa tuyalinde yaliyobaki. Kila jioni uwatengee panya uji wao sahanini, washibe, wasihangaike na majalada. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Burma: Uwalishe kwa mshahara wa nani? Yatie mtungini uyafukie, kama tulivyofukia risasi kule msituni.

Albano: Mlizifukua lini?

Burma: Hatukukumbuka tulizifukia wapi. Ndiyo usalama wenyewe!

Hapo akatokea Bi Tunu, kanga mbili na uso wa mtu ambaye hakulala. Tukamwamkia.

Bi Tunu: Marahaba, wanangu. Liwali mpya kasema atapokea shahidi mmoja aliyeisikia hukumu kwa masikio yake, aape kwa msahafu.

Burma akasimama wima, mkono kwenye paji la uso.

Burma: Mmoja? Sie watatu tulikuwapo!

Wakili: Tena mbele kabisa!

Uso wa Bi Tunu ukakunjuka. Nami nilifurahi kwa dhati, maana nazi za minazi ile ndizo zinazomlisha yeye na wajukuu zake.

Bi Tunu: Alhamdulillahi. Mie mwenye kesi neno langu halitoshi, na sitaki kuwatia maneno kinywani. Basi niambieni tu, Liwali alinipa minazi ya upande gani wa kisima?

Wakili akatafuta jibu ndani ya kikombe. Mie nilijikuna shingo ambayo haikuwa ikiniwasha.

Burma: Ninavyokumbuka mie, alivaa joho la Maskati.

Wakili: La Lamu!

Burma: La Maskati! Ndivyo ulivyonibishia na siku ile, hata hukumu ikatupita!

Wakili: Aliyeanza nani? Nilikwambia lile joho ni la Lamu, ukaanza kunishika mabega!

Wakanigeukia mie niamue. Aibu ilinishika mpaka miguuni. Bi Tunu alijitanda kanga yake vizuri, akamrudishia Albano kile kipembe cha karatasi alichokuwa amekiangusha.

Bi Tunu: Kawahoji panya wako, mwanangu. Wao walau hukumu iliwaingia.

Akashika njia ya kwenda kwa Liwali peke yake. Tulibaki tumenyoosha vikombe vitupu, na Hilal hakutumiminia.