Tuliziba Dirisha Dhahabu Isipae

Bwana asifiwe, wapendwa. Leo sitawaimbia, kifua bado hakijaniruhusu, lakini kuongea naweza, na mnanijua nikianza kuongea.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma kule Laini Saba. Mjomba wake huko nyumbani Kakamega ana shimo la dhahabu, na mawe yake ni magumu ajabu. Ukiyaponda juu juu, dhahabu inabaki imejificha ndani ya punje, na ukiosha inaenda na maji. Lazima usage mpaka iwe laini kama unga wa uji wa mtoto. Basi mume wangu akatengeneza pipa la kuzungushwa na mota, ndani mipira ya chuma. Mjomba akawa anatuma magunia ya mawe kwa basi. Mume akienda kazi, mimi ndiye msagaji, hapo kwetu mtaa wa Kongo, nyumba ya chumba kimoja.

Tulisaga kavu. Nikimaliza nachunga kwa kitambaa cha pazia, na ule unga unapaa. Mimi naona ni dhahabu inapaa! Nikaziba dirisha kwa blanketi, chini ya mlango nikaweka tambara. Jioni nafagia hata kuta, narudisha kwa pipa. Msinicheke, nyinyi mngefagia hata dari.

Msichana wangu mdogo alikuwa anacheza hapo hapo chini. Akaanza kukohoa. Nikasema ni baridi inaingia, nikaongeza blanketi la pili. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa namfungia ndani na kitu kinachomuua, nikidhani namkinga. Niliogopa jamani. Naweka mkono kwa mgongo wake, kifua kinalia filimbi, nangoja pumzi nyingine ije, na ikichelewa mimi mwenyewe nasahau kupumua.

Mchana mmoja jirani yangu, mama wa omena, yule muuza dagaa, akaja kuomba kiberiti. Nikafungua mlango kidogo tu, unga usitoke. Akamwona mtoto, midomo imebadilika rangi. Alisukuma mlango, akambeba, akakimbia naye mpaka kliniki upande wa Riruta. Mimi nyuma yake, miguu peku, mweupe wa vumbi kichwa mpaka vidole, watu wananipisha njia.

Nesi alimwekea hewa. Halafu akaniangalia nywele. "Mama, kwani mnasaga nini kwa nyumba?"

Nilitaka kudanganya. Nikaona ule mpira wa hewa kwa uso mdogo hivyo, nikasema yote.

"Hilo vumbi la mawe likiingia kwa mapafu halitoki," akaniambia. "Mtoto asirudi huko. Hata leo."

Tulilala kwa mama wa omena mpaka tukapata nyumba nyingine. Pipa lilihamia Laini Saba, nje, na siku hizi wanasaga na maji. Inatoka tope, tope halipai, na dhahabu inapatikana vizuri tu.

Mtoto amepona, si mnamsikia hapo nyuma akisumbua watu? Mimi picha ya kifua ilionyesha makovu kwa mapafu, na daktari alisema hayatafutika. Bado naogopa. Nikipanda ngazi najisikiliza.

Asanteni mliokuja kuniombea, na mliotuazima magodoro. Mama wa omena amenikataza nisimtaje jina, yuko hapa na ameinamisha kichwa. Mimi kwa huyo mama sina cha kulipa. Nawaomba tu hivi: ukisikia mtoto wa jirani anakohoa ndani ya nyumba iliyozibwa, usingoje kukaribishwa. Ingia.