Mke Hakukodiwa Serikalini

Kwenye treni ya asubuhi, fundi cherehani aliyeketi mbele yangu alimwambia muuguzi aliyekuwa kando yake kwamba ameuza cherehani ili alipie viza ya mkewe na mtoto waje kuishi naye huku ughaibuni. Kabla hajalipa, serikali ikapandisha ada.

"Serikali nayo ina gharama, kaka," muuguzi alisema. "Wakija, nani atalipia hospitali?"

"Kodi si nakatwa kila mwezi, dada? Na mke ni wangu, sikumkodi serikalini."

Abiria wengine tulitazama nje kwa makini, ingawa treni ilikuwa ndani ya handaki.

"Mimi mume wangu nilimlipia bila kulalamika," muuguzi alisema.

"Akaja?"

"Akaja. Tukaachana."

Fundi akamgeukia. "Walikurudishia ada?"

Treni ikasimama. Walishuka pamoja, na kwenye ngazi niliona mikono yao bado inabishana.