Makufuli Kumi na Tisa na Bi. Perez Amolo

Ifikapo tarehe 30 Juni 1997, Bi. Perez Amolo atastaafu baada ya miaka ishirini na sita mbele ya swichibodi ya Kiwanda chetu cha Sabuni cha Ziwani, Kisumu. Mwandishi wa mistari hii ameombwa aandike kwa ufupi. Anaomba radhi mapema: alisomeshwa na wamisionari, na ufupi haukuwamo katika masomo yao.

Bi. Amolo aliajiriwa mwaka 1971. Yeyote aliyetaka kuunganishwa alipiga sufuri, akampata yeye. Mameneja sita wamekuja na kuondoka. Sauti ya kiwanda imebaki ile ile moja.

Mwaka 1984 nyumba kumi na tisa za wafanyakazi wakuu ziliwekewa simu za kupigiana moja kwa moja, nazo zikawa fahari yetu kwa muda wa siku mbili. Watoto wetu, ambao hawakuweza kukumbuka namba ya zaburi iliyosomwa Jumapili, walizikariri namba zote kumi na tisa kabla ya chakula cha jioni. Mabinti wa nyumba ya nne walizungumza na wale wa nyumba ya tano saa nzima, ilhali wangeweza kupungiana mikono dirishani.

Sisi akina baba, kwa kuwa ni watu wenye elimu, tuliunda kamati. Kamati ikazaa kamati ndogo, nayo, baada ya vikao vinne na birika kadhaa za chai, ikagundua kufuli. Kufuli dogo la sanduku likipitishwa katika tundu la gurudumu la namba, gurudumu halizunguki. Tulinunua kumi na tisa. Kila baba akatembea na ufunguo mfukoni kama Mtume Petro, na tukapongezana kwa mikono miwili.

Hatukuona haja ya kumwuliza Bi. Amolo, kwa sababu yeye alijua habari za simu tu. Angetuambia kile ambacho watoto walikigundua siku ya tatu: ukigonga mara kumi, haraka haraka, kile kitufe kinacholaliwa na mkono wa simu, ni sawa na kuzungusha sufuri. Na sufuri ni Bi. Amolo.

Hakuwashtaki watoto, wala hakuwaachia huru. Aliyetaka kuzungumza na mwenzake alitaja kwanza jedwali la kuzidisha la kumi na tatu bila kusita, akaeleza kazi ya shule aliyoimaliza, ndipo akapewa dakika tatu. Aliyedanganya aliambiwa, "Laini iko bize, baba. Rudi kwa kitabu." Kijana mmoja, Masinde, aliyekuwa na rafiki wengi, alifika jedwali la ishirini na saba, leo anafundisha hisabati Kakamega. Alama za watoto zilipanda, nasi tukayashukuru makufuli, na shukrani hizo zimo katika kumbukumbu za mkutano.

Mwaka 1986 baba mmoja alimkuta bintiye akicheka ndani ya simu iliyofungwa. Siri ikafichuka. Mwandishi, ambaye alikuwa katibu wa kamati, alitunga barua kwa mwandiko mzuri sana akipendekeza Bi. Amolo aachishwe kazi. Ilikuwa iwasilishwe Jumatatu.

Jumamosi mwandishi alikwenda matangani Usenge, ufunguo ukiwa salama katika kizibao chake. Adhuhuri hiyo mkewe, Elsie, alianguka jikoni. Binti yao Lornah, mwenye miaka kumi, hakupoteza muda kutafuta ufunguo. Aligonga mara kumi.

Bi. Amolo, kama kawaida yake, aliuliza jedwali. Kisha akasikia jinsi mtoto anavyohema.

"Mama ameanguka. Haongei."

"Usiweke simu chini, nyathina, mwanangu. Mimi niko hapa."

Alimtuma Laban, dereva wa zamu, na gari la sabuni, akabaki akizungumza na mtoto hadi Laban alipobisha mlangoni. Daktari alisema nusu saa zaidi wangekuwa wamechelewa. Kutoka Usenge kurudi Kisumu na ufunguo ni zaidi ya nusu saa.

Mungu alituazima Elsie miaka saba mingine. Barua ile haikufika kokote. Mwandishi anaomba radhi kwa masjala kwa pengo lililomo katika faili. Kwa Bi. Amolo, ambaye hajawahi kujua kuwa iliandikwa, anaomba radhi hapa, mbele ya wote, kwa kuchelewa miaka kumi na mmoja.

Kuanzia Jumanne swichibodi itaondolewa, na mtambo mpya utaunganisha simu wenyewe. Tunasikia pia kwamba Nairobi wako waungwana wanaotembea na simu mkononi. Wazazi wasihangaike: hakuna mwenye akili timamu atakayempa mtoto kitu kama hicho. Na ikitokea, kamati zipo, na makufuli hayajaisha madukani. Ila wamtafute kwanza mtu wa kupokea sufuri.

Menejimenti itamzawadia Bi. Amolo saa ya ukutani. Mwandishi anaongeza kufuli la nyumba yake, nyumba ya saba, likiwa wazi; ufunguo wake umo ziwani tangu wiki ile.

Asante, Bi. Amolo. Tunakutakia uzee wenye afya, kuku wengi na majirani wasio na maneno mengi. Siku utakapotuhitaji, gonga mara kumi.

Absalom Oduor, Ghala Kuu