Bibi Ethel Chilumba, Aliyemfungulia Kesi Marehemu

Ndugu waombolezaji, kwa masikitiko makubwa, na kwa idhini ya kikao cha ukoo ambamo Mjomba Dauda peke yake alipinga, familia inatangaza kwamba mwanamke aliyemfungulia kesi marehemu naye amekuwa marehemu. Wale mliosema kesi ile itamuua, poleni kwa kusubiri. Imechukua miaka minne, na mwishowe ulikuwa moyo tu. Ninayesoma ni Furaha, mjukuu wake. Bibi na mjukuu ni watani, hivyo anayetaka kucheka acheke, na anayetaka kununa kuna kivuli kizuri nyuma ya turubai.

Marehemu Ethel Stefano Chilumba alizaliwa tarehe 3 Juni 1956, Kitangari, Newala. Hiyo ni tarehe ya kwenye cheti cha ubatizo. Mwenyewe alisema alitangulia kidogo, kwenye njia ya kuteremka bondeni, mama yake akienda kuteka maji, maana kule juu hakukuwa na kisima. Mama alijifungua, akapumzika, wenzake wakamjazia ndoo yake. "Walirudi na maji na mimi," alikuwa akisema, "na yaliyoshangiliwa zaidi ni maji."

Alisoma hukohuko Kitangari hadi darasa la saba. Hesabu zilimpita kando, lakini alikuwa na kipaji cha sauti. Asubuhi majina yakiitwa aliwaitikia wenzake watoro, kila mmoja kwa sauti yake, mpaka mwalimu akaamini darasa limejaa. Siku moja aliitikia "Nipo!" kwa ajili ya mtoto aliyekuwa ameugua. Darasa zima likamgeukia. Mtoto yule alikuwa amezikwa jana yake, na Ethel hakuwa amepata habari. Alitusimulia mara nyingi, na kila mara akifika hapo aliacha kupepeta mchele. Alisema aliona kama kuna mtu amekaa kwenye lile dawati, amefurahi kwamba bado anaitikiwa. Tangu hapo hakuitikia tena jina la mtu mwingine, isipokuwa mara moja, nami nitaifikia.

Mwaka 1979 aliajiriwa kubangua korosho kiwandani Newala, akafanya kazi hiyo mpaka kiwanda kilipofungwa, kisha akabangua nyumbani. Mafuta ya maganda yalimla vidole hadi vikawa laini kama kijiko. Alipokwenda kusajili laini ya simu, kijana wa kibandani alimbonyeza kidole kwenye mashine mpaka jasho likamtoka. "Mama, mashine inasema wewe hupo." Bibi akamwambia, "Iambie shikamoo, labda inasubiri heshima."

Alifunga ndoa mwaka 1976 na Benjamin Hokororo, fundi cherehani wa Nanganga aliyekuwa akishona Newala, ambaye wakati wa uchumba alimpima gauni moja mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na bado likambana. Walijaliwa watoto wawili, Selestina na Stefano. Babu alitangulia mwaka 2009. Mama yangu, Selestina, alipohamia Mtwara kwa biashara, mimi nilibaki Nanganga na Bibi.

Aya inayofuata Mjomba Dauda aliomba irukwe. Tulilifikiria ombi lake kwa heshima, tukaipanga hii programu mliyoshika ili ukiikunja, aya hiyo ndiyo ikae juu.

Mwaka 2020, nikiwa na miaka kumi na minne, kituo kimoja cha tuisheni kilichojiita Nuru Njema kilikuwa kikituma walimu majumbani. Kwetu alikuja mwalimu mwenye shati la kituo, aliyependwa na wazazi wote. Jina lake halitasomwa, kwa kuwa wasifu huu si wake. Alikuwa akigonga fremu ya mlango kwa funguo, taratibu, akisema hodi kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kusumbua. Bibi akiwa shambani, alinifanyia ukatili ambao sheria ina jina lake na nyote mnalijua. Nilipomwambia Bibi, hakuniuliza nilikuwa nimevaa nini. Alivaa viatu. Tulikwenda polisi, tukaenda hospitali, mwalimu akafikishwa mahakamani.

Wajomba wakaja na mbuzi wa familia ya mwalimu ili tuyamalize kifamilia. Mbuzi yule alikula mihogo yetu siku kadhaa, akarudishwa akiwa amenenepa.

Septemba 2021, kabla mashahidi hawajaisha, mwalimu alipata ajali ya pikipiki akafa. Kesi ya jinai ikafutwa, maana mshitakiwa akifa hakuna tena wa kuhukumiwa. Mjomba Dauda alifika nyumbani akiwa ametulia kama mtu aliyetua mzigo. "Mungu amemaliza, dada," alisema.

"Mimi sijamaliza," Bibi akamjibu. Akaenda msibani.

Mnajua desturi. Kabla ya mwili kutolewa, mshereheshaji hutangaza kwamba kama kuna anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aione familia. Ni tangazo la kupitisha muda, hakuna anayeinuka. Mujibu, aliyekuwa na kipaza sauti siku ile, alishaanza kuita wabeba jeneza Bibi aliposimama.

"Mimi namdai."

"Kiasi gani, Mama Selestina?"

"Bado hakijapimwa."

Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Korosho hizo!" Watu wakacheka. Mawingu yalikuwa yameshuka, na Nicholaus, kaka wa yule mwalimu, aliona mvua itawakuta makaburini. Akajibu kama ambavyo kila familia hujibu, kwa sauti ya kusikika na bila kuuliza: "Deni la marehemu ni letu. Tumelipokea, mama."

Bibi akaligeukia turubai zima. "Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia!"

Akaketi. Wimbo wa kutoa mwili ukaanza.

Habari zile zilimfikia Sia, wakili wa msaada wa kisheria hapa Masasi, mtu wa Kilimanjaro asiyejua kuongea polepole. Alikuja hadi uani kwetu. "Mama, ile ilikuwa kesi ya Jamhuri, imekwisha na mtu wake. Lakini kuna kesi ya madai, na hiyo ni ya Furaha mwenyewe. Anaweza kudai fidia kwa msimamizi wa mirathi, ilipwe kutoka kwenye mali aliyoacha. Na anaweza kukidai kituo kilichomtuma mlangoni kwenu akiwa na shati lao."

"Na ushahidi? Kule walitusumbua sana."

"Kule ilibidi kusibaki shaka. Huku hakimu anapima maelezo ya nani yana uzito zaidi. Tutaomba asikilizwe faragha, na jina lake lisitangazwe."

Sia alisema pia kwamba muda wa kudai fidia ya namna hii ni miaka mitatu, na kwa mtoto hauanzi kuhesabiwa mpaka afikishe miaka kumi na minane. Ila tusingoje, maana mirathi hugawanywa. Nalisoma hili polepole kwa sababu najua humu ndani kuna anayehesabu.

Tatizo moja: mtoto hafungui kesi peke yake, anafungua kupitia mtu mzima ambaye sheria inamwita rafiki.

"Rafiki?" Bibi alinitazama juu hadi chini. "Huyu mwizi wangu wa sukari?"

Kesi ilifunguliwa mwaka 2022. Siku ya kwanza karani alipoita jina langu, Bibi alisimama akasema, "Nipo, kwa niaba ya mtoto." Alikaa akiwa amekauka midomo. Niliuliza kuna nini. Akasema, "Nimeitikia tena." Ndiyo mara ile niliyowaahidi.

Kituo kilisema mwalimu alikuja kwetu nje ya saa za kazi. Sia akaweka mezani ratiba yao wenyewe. Wakili wa familia ya mwalimu akasema wateja wake hawakuwahi kujua kuna dai lolote. Sia akamwita Mujibu na kumuuliza kama aliyasikia maneno ya Nicholaus. "Mheshimiwa," Mujibu alijibu, "spika zilikuwa zangu. Wamesikia hadi Ndanda." Maneno yale hayakuthibitisha kilichotendeka kwetu, hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu, katika chumba kilichofungwa. Lakini hakuna tena aliyesema dai letu lilizuka baada ya mazishi.

Watu walituambia anayemsumbua maiti naye husumbuliwa. Sitawadanganya, alikuja. Jua likizama na umeme ukikatika, nilisikia funguo kwenye fremu, kisha hodi, ile ya chini. Shangazi walisema ni mawazo. Mganga mmoja alisema ni mzimu, akataja bei. Bibi alisema, "Nami nimemsikia." Hakuna dawa niliyowahi kupewa iliyonisaidia kama maneno hayo mawili. Akaburuta kitanda chake hadi mlangoni, akalala hapo miaka yote iliyobaki, miguu ikigusa ubao. Funguo zikigonga, aliinua sauti: "Mwalimu, kesi yako ni Jumanne! Nenda ukajiandae!" Kisha alisikiliza kama hatua zimeondoka. Mara nyingine hazikuondoka. Tulikaa hivyo, sisi wawili ndani na yeye nje, mpaka umeme urudi.

Mwaka jana nilitimiza miaka kumi na minane. Mahakama ikaniandika mimi mwenyewe kuwa mdai, Bibi akavuliwa urafiki rasmi. Alinuna wiki nzima, akataka apewe mtoto mwingine.

Moyo ulianza kumsumbua Juni mwaka huu. Alilazwa Ndanda, ambako wauguzi walimpenda na kumwogopa kwa kiasi kilekile. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, alfajiri. Hukumu itasomwa Ijumaa, tarehe 5 Desemba.

Juzi, maji ya kumwoshea yakiwa bado jikoni, Mjomba Dauda aliniita kando. "Mjukuu, kesi ilikuwa ya bibi yako. Bibi kaondoka nayo. Mwachie na yule marehemu, wakayamalize hukohuko." Kwa mila zetu neno la mjomba ni zito, kwa hiyo namjibu mbele yenu nyote ili jibu langu nalo liwe na uzito. Mjomba, shikamoo. Kesi haikuwa ya Bibi. Bibi alikuwa rafiki. Tarehe tano karani ataita jina langu, na nitaitikia mwenyewe. Na Mujibu, ambaye yuko hapa na spika zake, akimaliza kutangaza kama kuna anayemdai Bibi Ethel, naomba atangaze pia kwamba lile deni alilolipokea Nicholaus bado lipo.

Marehemu ameacha watoto wawili, Selestina na Stefano. Wajukuu watano, mmoja akiwa mwizi wa sukari. Mdogo wake Dauda. Kitanda kimoja kilichoegemea mlango. Na ndugu, majirani na mahasimu wengi, ambao wote wamekuja na wote watakula. Bwana amempumzisha kutokana na kusimama kwenye foleni za mahakama. Amani apewe yote, hata ile aliyotugawia sisi akabaki bila.

Jumapili ya mwisho nilimpelekea uji, nikakaa kitandani kwake pale hospitali, nikamshika vidole vile visivyo na alama, nikamwambia kwa sauti ya kanisani kwamba ameniokoa, kwamba vizazi vitamtaja, kwamba hakuna mwanamke wa Nanganga atakayeogopa tena. Alifumba macho nikadhani amelala. Ndipo nikauliza nililotaka kuuliza tangu mwanzo.

"Bibi, akija kupiga hodi na wewe hupo, nimjibu nini?"

"Si lazima kuitikia," alisema. "Uji umepoa?"