Babu, Mbolea ya Kizibo na Magari Yanayokula Mahindi

Wasikilizaji wapendwa, simamisheni shughuli zote. Punguzeni moto jikoni. Anayenyoa ndevu na aache nusu. Taifa zima leo limegubikwa na majonzi kwa kuondokewa na nguzo ya kilimo, mwamba wa nafaka, jemadari wa jembe...

Fundi mitambo ananikazia macho kupitia kioo. Anasema taifa halijatangaza lolote. Ni kweli. Basi niseme ilivyo: tumefiwa na babu yangu. Alikuwa mkulima wa mahindi. Tulimzika Jumanne. Anayenyoa ndevu anaweza kuendelea.

Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: marehemu ni babu yangu, mkulima wa mahindi. Mimi ni mjukuu wake, niko likizo kutoka shule ya bweni, na kituo hiki kimenipa kipindi cha vijana kwa sharti kwamba nisilete utani. Shangazi yangu, binti wa marehemu, yuko nami hapa studioni. Ameahidi kuongea akiulizwa tu.

Wasikilizaji wapendwa, mtaani babu alijulikana kama Mzee Kizibo. Alipima mbolea kwa kizibo cha soda. Shimo moja, mbegu mbili, kizibo kimoja. Kizibo hicho hakikutoka mfukoni mwake hata siku ya harusi ya watu. Nikimwambia, "Babu, unapima mbolea kama dawa ya mtoto," alinijibu, "Wewe tulikuwekea nusu, ndiyo maana umebaki hivyo."

Shangazi, unamkumbukaje?

"Sisi watoto wake alitupigia kelele," anasema shangazi. "Mahindi aliyabembeleza."

Kisha kikaja kiwanda, ng'ambo ya barabara ya lami. Kiwanda hiki hakisagi unga. Kinageuza mahindi kuwa mafuta ya magari. Narudia: mahindi yanaingia, mafuta ya magari yanatoka. Bei ya mahindi ikapanda. Babu akaezeka nyumba upya, akamnunulia bibi kitanda kisicholia usiku. Akaacha pia kupanda maharage katikati ya mistari. Shamba lote likawa mahindi matupu.

Hapo alikosea, na baadaye alikiri mwenyewe. Maharage yale yalikuwa yakitulisha, na yalikuwa yakiipa ardhi nguvu. Bila maharage, ardhi ilidai mbolea zaidi. Na mbolea nayo ikapanda bei. Siku moja babu alirudi kutoka duka la pembejeo na mfuko mmoja, yeye aliyezoea mitatu. Akakaa mlangoni bila kuvua viatu.

"Bei ya mahindi imepanda ngazi," alimwambia bibi. "Ya mbolea imepanda ghorofa."

Kizibo kimoja kikagawiwa mashimo mawili. Kisha matatu. Majani yakaanza kuwa ya njano kutokea chini. Mavuno yakawa haba, na hayo haba akayauza yote kiwandani ili apate pesa za kununulia mbolea ya msimu uliofuata. Ghala likabaki na panya, na baada ya muda panya nao wakahama. Mkulima wa mahindi akawa ananunua unga dukani, kwa bei ambayo kiwanda chenyewe kilisaidia kuipandisha.

Mchana mmoja aliuliza chakula kiko wapi. Bibi, mtu asiyepandisha sauti hata akikanyagwa mguu, alimjibu: "Kayaulize magari, mume wangu. Ndiyo yanayokula siku hizi."

Babu alicheka hadi akakohoa. Msimu huo akabeba samadi kwa toroli kutoka zizi la jirani, mvua ikimnyeshea. Akarudisha maharage kwenye kipande kimoja, nyuma ya nyumba. Kifua kikambana. Akalazwa. Akafariki, shangazi akiwa pembeni ya kitanda.

Wasikilizaji wapendwa, leo alasiri familia inakaa kikao. Baba mdogo, fundi wa pikipiki, anataka kiwanda kikodishiwe shamba lote. Kiwanda kitaleta mbolea yake na kitachukua kila punje. Simlaumu. Ada yangu inatoka kwenye mikono yake yenye grisi. Bibi anaomba aachiwe kipande cha maharage tu. Lakini amekiomba mara moja, kwa sauti ya chini, huku pikipiki ikiunguruma.

Kwa bahati njema, marehemu mwenyewe aliacha neno. Akiwa kitandani, alinishika mkono, akasema kwa sauti iliyotetemeka: "Mjukuu wangu, shamba likienda lote, bibi yako atakula nini? Mwambie baba yako mdogo..."

"Alikushika mkono upi?"

Huyo ni shangazi, wasikilizaji. Hajaulizwa.

"Wa kulia, shangazi."

"Ulikuwa bweni wewe. Umefika jeneza liko sebuleni." Shangazi anaisogelea maikrofoni. "Mimi ndiye niliyekuwa pale. Aliuliza kama mvua imekatika. Nikamwambia bado. Akasema nifunge dirisha. Basi. Hakusema jingine."

Fundi mitambo ameinamisha kichwa. Bado tuko hewani.

Wasikilizaji wapendwa, nimekamatwa. Maneno yale niliyatunga mwenyewe jana, nikipiga mswaki. Nilijua baba mdogo huwasha redio gereji saa hizi. Nilidhani marehemu atasikilizwa kuliko bibi, na kuliko mimi.

"Kama unataka bibi yako aachiwe, omba wewe," anasema shangazi. Sauti yake imelegea. "Usimtume marehemu."

Natoa pole kwa bibi. Natoa pole kwa baba mdogo, na kwa shangazi huyu aliyeniumbua mbele ya mji mzima. Nawe unayejaza tangi leo, sikukatazi kuendesha. Tafakari tu mafuta hayo yalipitia shamba la nani, na jikoni kwake kulibaki nini.

Baba mdogo, ninayeongea ni mimi. Babu hakuniachia neno lolote. Nakuomba kile kipande cha nyuma ya nyumba kibaki kwa bibi. Ukikataa, utakuwa umenikatalia mimi, siyo babu.